Vijiji 800 vya Landhaura vilikwenda wapi? Hotuba kuhusu koo za kitawala za Wagurjar na milki zao

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, walimu, akina mama, na nyinyi vijana mliobanana kule mlangoni, hamjambo. Ahsanteni kwa kuja.

Nianze na swali. Mwaka 1813, kaskazini mwa India, alifariki Raja Ramdayal Singh wa Landhaura. Alikuwa Mgurjar, na mkononi mwake mlikuwa na vijiji karibu 800 katika nchi iliyo kati ya mto Ganga na mto Yamuna. Mwaka 1824, miaka 11 tu baadaye, jamaa yake aliuawa ndani ya ngome ya udongo akipigania kilichobaki. Vijiji 800 vilikwenda wapi? Hakuna jeshi lililokwenda Landhaura kuviteka. Hakuna mfalme jirani aliyevinyakua. Vilikwenda wapi? Shikeni swali hilo.

Kwanza tuondoe utata, maana naona wako wanaowaza duka la Mgujarati wa mtaani kwao. Siye huyo. Jimbo la Gujarat lilichukua jina kwa Wagurjara wa kale, lakini Wagujarati wa leo ni watu wa jimbo, wa koo na dini mbalimbali. Wagurjar ni jamii moja iliyotapakaa kutoka Kashmir na Punjab ya Pakistan hadi Rajasthan na magharibi mwa Uttar Pradesh. Wako Wahindu, wako Waislamu, wako Masingasinga. Wengine ni wafugaji wanaohama na nyati wao kupanda milima ya Himalaya kila kiangazi. Wengine ni wakulima wa miwa na ngano. Na wachache kati yao walikuwa na ngome, tembo na mizinga. Jioni hii nasema juu ya hao wachache.

Sifa za Wagurjara zilifika mbali zamani. Taarifa ya Kiarabu ya mwaka 851, iliyotokana na maneno ya wafanyabiashara wa baharini, inamtaja mfalme wa Jurz, yaani Gurjara kwa matamshi ya Kiarabu, kuwa hana mpinzani India kwa askari wa farasi, na kwamba hakuna nchi iliyo salama zaidi na wanyang'anyi kuliko yake. Kisha akaja al-Masudi. Wa pwani mnamjua: ndiye aliyesafiri hadi Kanbalu, kisiwa ambacho wengi hukisia ni Pemba, akatuachia habari za Wazanji. Mtu huyohuyo alikuwa India karibu na mwaka 915, na akaandika kwamba mfalme wa Kannauj ana majeshi manne yanayoelekea pande nne za dunia, kila moja lina watu laki saba au laki tisa. Namba hizo ziacheni zipite, hazihesabiki. Lakini watawala anaowasema ndio wale ambao wanahistoria huwaita Gurjara-Pratihara, ambao Bhoja, aliyetawala takriban 836 hadi 885, ndiye mkubwa wao.

Je, machifu wa karne ya 18 ni wajukuu wa Bhoja? Hapo ndipo watu hushikana mashati. Mwezi Septemba 2021, mjini Dadri, ilizinduliwa sanamu ya mfalme huyo, na neno "Gurjar" kwenye bango la jiwe likakutwa limepakwa rangi kufichwa. Wagurjar wakaandamana, Warajput, jamii nyingine ya kaskazini mwa India, nao wakadai ni babu yao. Ugomvi haujaisha, na mimi naona umekula nguvu ambazo zingetosha kuezeka ngome tatu. Ushahidi wa kale ulio wazi zaidi ni maandishi ya jiwe ya Rajor, wilaya ya Alwar, ya karibu mwaka 960. Humo mtawala mdogo, Mathanadeva, anajitaja kuwa wa ukoo wa Gurjara-Pratihara, na mistari michache mbele anataja mashamba ya jirani yanayolimwa na Wagurjara. Mtawala na mkulima wako kwenye jiwe moja. Na jiwe lenyewe ni nini? Ni hati ya kugawa kijiji kwa hekalu. Ni karatasi ya ardhi, ila imechongwa. Ndiyo maana nawaambia: ukiwatafuta watawala hawa usianze na taji, anza na hati.

Haya, tuje karne ya 18. Milki ilitengenezwaje?

Mfalme Aurangzeb wa dola ya Wamughal alikufa 1707, na mkono wa Delhi ukaanza kulegea. Katika nchi ile, "kuwa na vijiji" hakukuwa na maana ya kumiliki udongo. Maana yake ilikuwa haki ya kukusanya kodi ya mavuno, kupeleka sehemu juu, na kubaki na kilichosalia. Sasa, aliye juu akidhoofika, nani ana nguvu? Ni yule anayeweza kukusanya. Mtu mwenye ndugu 500 wenye mikuki na ngome ya udongo anakuwa mtu wa kubembelezwa. Mwaka 1759 Najib Khan, mkuu wa Warohilla, Waafghani waliokaa India, alimtambua kwa hati Manohar Singh wa Landhaura juu ya vijiji 505 na vitongoji 31. Upande wa Meerut, ukoo wa Nagar ulijijenga Parikshitgarh na Bahsuma, chini ya Jait Singh na baadaye Raja Nain Singh. Kusini zaidi, Dadri, walikuwapo Marao, yaani machifu wenye cheo cha Rao, wa ukoo wa Bhati.

Mwaka 1803 Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki iliwashinda Wamaratha, dola kubwa ya kutoka magharibi mwa India, karibu na Delhi, ikajikuta imerithi nchi yote hii. Ina maofisa wachache na haina ramani. Ikafanya nini? Ikawaita wakubwa hawa ikawapa hati iitwayo mukarrari.

Tulieni hapa kidogo, maana jibu la swali letu limo ndani ya hati hii. Mukarrari ilikuwa na vipengele vitatu vya maana. Raja hulipa kiasi kilichopangwa, hakipandi hata mavuno yakiongezeka. Raja hulinda njia na kushika wezi katika eneo lake. Na hati hudumu kwa uhai wa aliyepewa. Kwa uhai wake! Si kwa mwanawe, si kwa ukoo. Mwenye hati akifunga macho, mkataba nao unafunga macho. Siku ile ya kupokea, nani aliangalia kipengele cha tatu? Raja alizoea sanadi, yaani hati za kupewa vijiji, za Wamughal na Warohilla ambazo, kwa desturi, mtoto huenda na zawadi na kuhuishiwa. Kampuni haikuwa na desturi hiyo.

Ramdayal alipofariki 1813, maofisa waliingia kijiji kwa kijiji. Wakapima, wakaandika wakulima wakubwa wa kila kijiji kuwa ndio wenye kulipa kodi moja kwa moja kwa serikali, wakapandisha kiwango. Familia ikaachiwa kipande. Raja Nain Singh alipofariki 1818, mambo yakawa hayohayo Parikshitgarh. Kwa hiyo vijiji vya Landhaura vilikwenda wapi? Vilikwenda kwenye daftari la karani. Bila risasi.

Linganisheni na Samthar, huko Bundelkhand, wilaya ya Jhansi ya leo. Mwaka 1733 palitokea ugomvi wa kurithi kiti cha dola ya Datia. Naune Shah, Mgurjar mwenye cheo huko, alimsaidia Indrajit, na Indrajit akashinda. Mwana wa Naune Shah, Madan Singh, akapewa kushika ngome ya Samthar na cheo cha Rajdhar; mjukuu, Devi Singh, akapewa vijiji vitano. Vitano tu, wenzangu, mbele ya 505 vya Landhaura! Lakini Ranjit Singh, aliyemfuata Devi Singh, alijitenga wakati wa vurugu za Wamaratha, akapewa cheo cha Raja, na mwaka 1817 akatia saini mkataba na Waingereza. Mkataba wa dola na dola, unaotambua warithi. Samthar ikaingia katika orodha ya watawala wa kupigiwa mizinga 11 ya heshima. Mwaka 1827 Ranjit Singh akafa na kiti kikaenda kwa Hindupat. Hindupat akarukwa na akili, mkewe akashika usukani, na dola haikuanguka. Kwa nini? Kwa sababu karatasi ilisema warithi. Samthar ilidumu hadi ilipounganishwa na India huru, ikapitia jimbo la Vindhya Pradesh na kuingizwa Uttar Pradesh mwaka 1950. Mwenye vijiji vitano alidumu zaidi ya karne moja baada ya mwenye 800 kufutwa.

Turudi kwa yule jamaa wa ngome ya udongo. Vijay Singh alikuwa mkubwa wa Kunja, karibu na Roorkee. Baada ya Landhaura kuvunjwa, watu waliokuwa walinzi, watoza kodi na wapanda farasi wa raja hawakuwa na kazi, na vijiji vilivyopandishiwa kodi vilikuwa na kinyongo. Akatokea Kalua, kiongozi wa genge lililovamia vituo vya polisi na kupora fedha za serikali njiani. Kalua akajiita Raja Kalyan Singh. Vijay Singh akampokea. Hapo jambo likaacha kuwa wizi.

Oktoba 1824 Kapteni Frederick Young aliteremka kutoka Dehradun na askari wapatao 200 wa Kigurkha, wenye asili ya Nepal, wa Kikosi cha Sirmoor, pamoja na hakimu Frederick Shore. Hawakuwa na mizinga ya kubomolea. Wakakata mti, wakaubeba kama nguzo, wakaugonga mlango wa ngome mpaka ukafumuka. Vijay Singh na Kalua waliuawa, na wengi pamoja nao. Kikosi kile kikapewa ruhusa ya kuvaa alama ya kichwa cha kondoo dume kwenye mikanda yao, kukumbuka gogo lile, maana kwa Kiingereza gogo la kubomolea na kondoo dume huitwa kwa neno moja, "ram". Angalieni mambo yalivyo: kumbukumbu ya ngome ya Kigurjar ilihifadhiwa miaka mingi kwenye sare za walioivunja.

Mwaka 1857 nitaupita haraka, si kwa kuwa ni mdogo. Maasi yalipolipuka Meerut tarehe 10 Mei, vijiji vingi vya Wagurjar viliinuka, na Rao Umrao Singh wa Dadri akawa miongoni mwa viongozi. Adhabu ilikuwa kunyongwa na kunyang'anywa. Ardhi ya walioasi ikapewa waliotulia. Ukikuta leo koo mbili katika wilaya moja, moja ina jumba na nyingine ina wimbo wa shujaa tu, mara nyingi tofauti yao ni mwaka huo.

Hivyo basi, nani aliua kilichosalia? Tarehe 1 Julai 1952. Siku hiyo sheria ya Uttar Pradesh ya kufuta uzamindari, iliyopitishwa 1951, ilianza kazi. Mwenye kukusanya kodi kati ya mkulima na serikali aliondolewa. Fidia ilikuwa mara nane ya pato lake halisi la mwaka, na wadogo wakaongezewa ruzuku. Nyingi ililipwa kwa hati za dhamana za muda mrefu, ambazo mfumuko wa bei ulizitafuna. Aliyokuwa akiilima mwenyewe, akabaki nayo. Na sasa sikilizeni kifungu ambacho watu hukisahau, kifungu cha 9: majengo, visima na miti ya makazini viliendelea kuwa mali ya wenyewe.

Mnaona mtego? Jumba limebaki. Kijiji kilicholilisha jumba kimeondoka. Mtu ana kuta za unene wa mita na paa la kutengenezwa kila mwaka, na mapato ya mkulima wa kawaida. Ongezeni mirathi: kizazi cha pili warithi wanne, cha tatu 15. Kila mmoja ana haki ya chumba, hakuna mwenye wajibu wa paa. Ngome nyingi za Wagurjar hazikubomolewa na adui. Zimebomolewa na mvua ya masika yao, Julai hadi Septemba, ikiingia kwenye ufa ambao kila mwenye hisa anangoja mwenzake auzibe.

Basi tuseme juu ya kuta. Hapa watu wa Lamu na Mji Mkongwe mtanielewa kabla sijamaliza, kwa kuwa chokaa mnaijua.

Majumba yale yamejengwa kwa matofali membamba yaitwayo lakhauri, unene wa sentimita 2 hadi 4 tu, yakishikwa na chokaa iliyochanganywa na surkhi, yaani unga wa matofali yaliyochomwa na kusagwa. Ukuta wa namna hii hupumua: maji huingia, maji hutoka. Anakuja mjukuu mwenye nia njema, kapata fedha kidogo, anapiga plasta ya saruji. Mwaka wa kwanza panang'aa. Mwaka wa pili chumvi nyeupe inachomoza pembeni. Mwaka wa tatu plasta inabanduka ikiwa imeng'ang'ania uso wa tofali, na tofali lililobaki ni laini, linachotwa kwa kidole. Maji yalikosa pa kutokea, yakapanda na chumvi, chumvi ikakauka ndani ya tofali na kulipasua.

Njia yake ni hii. Ondoa saruji kwa patasi na nyundo ndogo, usitumie mashine ya kutikisa. Zima chokaa ndani ya maji na uiache ikilowa wiki mbili kwa uchache, mwezi ni bora. Chokaa isiyozimika vizuri itaendelea kufura ukutani na kutoa vilengelenge. Changanya kipimo 1 cha chokaa kwa vipimo 2 hadi 3 vya surkhi na mchanga uliooshwa. Waashi wa kale waliongeza maji ya sukari guru na choroko nyeusi zilizolowekwa na kusagwa. Ziongeze ukiwa na fundi anayejua kipimo, kwa sababu zikizidi huvutia kuvu na wadudu. Chimbua maungio kina cha sentimita 2 na nusu hivi, lowesha ukuta kwanza, kisha jaza. Kila tabaka la plasta lisizidi sentimita 1. Funika kwa magunia mabichi wiki nzima. Kazi ifanyike mvua zikishapita, na isiwe katika joto la Mei, kwani chokaa ikikauka upesi hugeuka vumbi.

Na ule mti wa pipal ulioota juu ya mnara? Usiung'oe! Mizizi yake imekwisha kuwa sehemu ya ukuta. Ukiivuta unashuka na mawe. Kata shina, uue kisiki kwa dawa, ngoja mizizi ife, ndipo uitoe kidogo kidogo ukijaza chokaa nyuma yake.

Kuna kisa kimoja cha kuta ambacho lazima niwape. Bateshwar, wilaya ya Morena, kuna mahekalu madogo ya mawe yapatayo 200 ya zama za Gurjara-Pratihara, yaliyokuwa yameanguka chungu chungu. Bonde lile la Chambal lilikuwa makazi ya majambazi. Mwaka 2005 mwanaakiolojia K. K. Muhammed wa idara ya mambo ya kale ya India alitaka kuyasimamisha. Kama alivyosimulia mwenyewe, alimkuta mtu akivuta sigara hekaluni, akamkaripia, kumbe ni Nirbhay Singh Gujjar, jambazi aliyekuwa akitafutwa majimbo mawili. Alimshawishi vipi? Alimwambia mahekalu haya yalijengwa na Wagurjara, mababu zako. Nani atayatunza kama si wewe? Jambazi akawaacha mafundi wafanye kazi. Novemba mwaka uleule polisi wakamuua Nirbhay. Mnadhani mahekalu yakapumua? Wachimba mawe waliokuwa wakimwogopa wakarudi, na mitetemo ya baruti zao ikaanza kutishia kilichokwisha kusimamishwa. Hata hivyo makumi ya mahekalu yamesimama leo, jiwe juu ya jiwe.

Sasa karatasi, na hapa ndipo familia nyingi hukosea.

Kosa la kwanza ni kwenda ofisi isiyo yake. Mipaka imehama. Landhaura ilikuwa wilaya ya Saharanpur hadi Haridwar ilipoundwa 1988, na tangu 2000 iko jimbo jingine kabisa, Uttarakhand. Dadri ilikuwa Bulandshahr, ikaenda Ghaziabad mwaka 1976, ikaenda Gautam Buddh Nagar 1997. Daftari la 1860 halikuhama kila mara na mpaka. Kwa hiyo andika kwanza jina la kijiji, pargana yake ya zamani, yaani tarafa ya kodi, na wilaya ya mwaka unaoutafuta. Ndipo uende chumba cha kumbukumbu cha wilaya hiyo.

Ukifika, usiombe "historia ya familia". Hawatakuelewa. Omba shajra, ramani ya mashamba. Khasra, orodha ya viwanja kwa namba. Khewat, orodha ya wenye hisa. Na wajib-ul-arz, mahali desturi za kijiji zilipoandikwa: nani ana haki ya kisima, nani hupewa nini kwenye mavuno. Hiyo ya mwisho ina utamu kuliko zote, na ndiyo watu huiruka. Nyingi ni za Kiurdu au Kiajemi kwa mwandiko wa haraka wa shikasta, hivyo tenga fedha za msomaji.

Kosa la pili ni tarehe. Madaftari ya kodi hutumia mwaka wa Fasli, unaoanza Julai. Ongeza 592 kwa Julai hadi Desemba, 593 kwa Januari hadi Juni. Fasli 1359 ni Julai 1951 hadi Juni 1952, mwaka wa mwisho wa uzamindari. Madaftari ya ukoo hutumia kalenda ya Kihindu ya Vikram Samvat. Huko unatoa 57, au 56 kwa miezi ya mwanzo wa mwaka wetu. Asiyefanya hesabu hii humweka babu kaburini kabla hajazaliwa. Na ripoti za maofisa wa Kiingereza zisomeni kwa jicho kali: waliowaandika Wagurjar kuwa wezi ndio waliokuwa wakiwanyang'anya.

Baada ya serikali, nenda Haridwar. Familia za Kihindu hupeleka majivu ya wafu wao kwenye Ganga, na makuhani wa pale, mapanda, wana madaftari marefu yaitwayo bahi. Kila panda ana vijiji vyake. Uliza ukingoni: nani anashika kijiji fulani, wilaya fulani, Wagurjar, ukoo wa Nagar, au Bhati, au Khatana. Usitaje wilaya ya leo peke yake. Taja kijiji walikotoka mababu. Utafunguliwa kurasa zenye mikono ya waliokuja kabla yako: nani alikuja, mwaka gani, kwa mazishi ya nani, wanawe ni kina nani. Mabinti mara nyingi hawamo, na madaftari yaliyochakaa yalinakiliwa, hivyo jina moja linaweza kuruka kizazi. Wagurjar Waislamu hawana bahi. Kwao watunza nasaba ni Wamirasi, wanaozikariri kwa mdomo, na hao warekodiwe kwa sauti wangali hai.

Linganisha bahi na khewat. Zikikubaliana juu ya ndugu watatu mwaka uleule, umeshika kitu. Zikitofautiana, amini ile iliyoandikwa karibu zaidi na tukio, na tofauti uiandike pembeni, usiifute. Hati ya asili usiitie plastiki ya moto. Ikunjue, ipige picha pande zote mbili na mihuri, iweke kwenye karatasi isiyo na asidi mbali na ukuta wa nje. Nakala mbili, na moja ikae kwa jamaa anayeishi mji mwingine.

Upande wangu nimemaliza. Mwenye hati aliyokuja nayo aje mezani tuitazame, na wengine tuanze maswali.